Picha Nzuri Si Ruhusa ya Kuacha Dawa

Mwaka jana dada yangu, aliyepandikizwa figo ya kaka yetu, alipigwa picha ya ultrasaundi. Mpigaji picha akamwambia, "Picha ni nzuri." Dada akaelewa kuwa amepona, akaanza kuruka siku za dawa. Wiki chache baadaye, damu yake ilipopimwa, kreatinini ilikuwa imepanda. Kipande kidogo cha figo kilichochunguzwa kwa hadubini kikathibitisha kwamba mwili ulikuwa ukiikataa. Aliponea chupuchupu.

Mimi ni mwanaisimu, si daktari, lakini kosa hili naliona kuwa la lugha. Chombo hicho hutuma mawimbi ya sauti isiyosikika, na mwangwi wake huchora figo. Hufichua uvimbe, mkojo uliozibiwa njia, au damu ipitayo kwa shida. Manufaa yake ni makubwa, kwani hakiumizi. Hata hivyo, figo yaweza kukataliwa ilhali picha haina dosari. Na damu kupita kwa shida kwaweza kuwa na sababu nyingine. Ndiyo maana uamuzi huachiwa hadubini.

Upandikizaji wa kwanza uliofaulu, mjini Boston mwaka 1954, ulikuwa baina ya mapacha wa kufanana. Mwili haukuiona figo kuwa mgeni. Asiye na bahati hiyo hana budi kumeza dawa maadamu figo ingali ndani yake.

Enyi walimu na wanafunzi wa tiba, maneno matatu tu yangalitosha: "Lakini usiache dawa." Nusu ya habari yaweza kugharimu figo nzima.