Wewe ni wakili, si mkalimani wa bure

Mwanasheria mchanga wa kwetu akiniandikia, mara nyingi haniulizi kuhusu sheria. Sheria wanaijua. Wametoka kwenye SQE juzi tu, wamejibu maswali 360 ya kuchagua jibu katika hatua ya kwanza peke yake, na kichwani wamejaza mambo ambayo sisi tuliopita njia ya zamani hatukuwahi kuulizwa. Wanachouliza ni hiki: "Dada, kila akija mteja Mswahili bosi ananiita mimi. Nifanyeje?"

Jibu langu ni fupi, na najua baadhi yenu mtanipinga. Msalimie mteja, mkaribishe, mtulize roho. Lakini usiwe mkalimani wake kwenye jambo lolote litakaloandikwa na kutiwa saini. Na kila dakika uliyomhudumia kwa Kiswahili iandikwe mahali.

Tuangalie inavyotokea. Umeajiriwa idara ya ununuzi wa nyumba, uko mezani kwako na faili zako. Ghorofa ya chini amekaa mama wa Kikongo na barua ya Home Office mkononi. Mtu anapita akiuliza nani hapa anaongea Swahili. Vichwa vinageuka. Unaambiwa ni dakika kumi tu, na zile dakika kumi zinakuwa saa moja na nusu, kwa sababu yule mama hajapata mtu wa kuongea naye tangu Jumatatu.

Ofisi nyingi za mawakili hapa Uingereza zinahesabu muda kwa vipande vya dakika sita, yaani saa moja ina vipande kumi. Saa yako na nusu ni vipande kumi na tano visivyokuwa kwenye faili lako hata moja. Ikitokea mara mbili kwa wiki, mwisho wa mwezi jedwali linakuonyesha kama mtu anayekunywa chai tu. Binti mmoja ninayemfahamu, yuko mwaka wa pili kazini, alifanyiwa tathmini akasifiwa kwamba anasaidia sana wenzake, kisha chini kidogo, ukurasa uleule, akaambiwa saa zake hazitoshi. Alimtazama msimamizi wake akisubiri aone uhusiano. Hakuuona.

Suala la saa linaniudhi, lakini linalonitisha ni lugha.

Jamani, tuwe wakweli kuhusu Kiswahili chetu. Ni cha jikoni, cha harusini, cha simu na bibi Ijumaa jioni. Sikidharau hata kidogo, kimetulea. Tunajua kutania, kubembeleza na kugombana nacho. Lakini neno "dhamana" ulilisikia wapi? "Hati ya kiapo" je? Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kukata rufaa, ukinyimwa ruhusa na mama umenyimwa.

Hayo bado ni madogo, kamusi itakusaidia. Hatari iko kwenye maneno tunayoyajua mno hata hatuyafikirii. Chukua "ndugu". Mteja anasema ndugu yangu alichukuliwa na askari. Wewe, kwa nia njema kabisa, unaandika kwa Kiingereza kwamba ni kaka yake. Miezi inapita, anaitwa kwenye usaili wa Home Office, mkalimani mwingine anamuuliza kama walizaliwa tumbo moja, naye anajibu hapana, ni mtoto wa ami yangu. Sasa kwenye karatasi kuna kaka na kuna binamu. Afisa hajui Kiswahili. Anachokiona ni mtu anayebadilisha maneno.

Ukishaanza kuangalia hivyo huwezi kuacha. "Mtoto wangu" anaweza kuwa mtoto wa dada yake. "Mama" anaweza kuwa mama mdogo. "Yeye" hakuambii kama ni mwanamume au mwanamke, na Kiingereza kinakulazimisha uchague. "Mkono" ni kuanzia begani hadi vidoleni, na Kiingereza kina neno moja la kiganja na jingine la sehemu iliyobaki. Ukiandika kiganja, na ripoti ya daktari inasema kovu liko juu ya kiwiko, umempa mpinzani wako kitu cha kushika.

Halafu saa. Sote tulifundishwa kwamba saa mbili usiku inaandikwa 20:00. Ukiwa umechoka, unasikia mbili, unaandika 2. Na huo ndio upande mwepesi. Mteja mwenyewe amekaa Uingereza miezi minane, keshaanza kuhesabu saa za Kizungu akiongea na watu wa hosteli, na za Kiswahili akiongea na wewe, au anachanganya. Leo anatumia zipi? Lazima umuulize kama jua lilikuwa limeshazama, kama watu walikuwa wameshakula, kama isha ilikuwa imeadhiniwa. Mkalimani mzuri anauliza hayo bila kuambiwa kwa sababu ndiyo kazi yake. Wakili mwenye faili arobaini na mkutano saa tisa anasonga mbele.

Na Kiswahili chenyewe ni vingi. Wazazi wangu ni wa Unguja. Nikimsikiliza mtu wa Bukavu au Lubumbashi napata kiini cha habari, lakini pembeni vitu vinadondoka, na mara nyingi kesi iko hukohuko pembeni. Wabajuni kutoka visiwa vya kusini mwa Somalia ni mfano mkubwa zaidi. Kwao lugha ni ushahidi: baraza la rufaa za uhamiaji la hapa limewahi kupima madai yao kwa kuangalia kama mtu anakijua Kibajuni. Sasa fikiria wakili mchanga wa Unguja au Tanga anamsikiliza Mbajuni, anamwelewa robo tatu, kisha anaandika kwenye maelezo kwamba mteja anaongea Kiswahili. Amefuta kwa kalamu yake kitu ambacho mteja alikuwa akikihitaji.

Uzito wa haya umeongezeka. Kwa madai ya hifadhi yaliyowasilishwa kuanzia 28 Juni 2022, sheria ya mwaka huo ya uraia na mipaka inamtaka mwombaji aonyeshe kwamba kweli anaogopa kwa sababu anayoisema, na kwa kiwango cha "kuna uwezekano mkubwa zaidi kuwa ni kweli kuliko si kweli". Kiwango cha zamani kilikuwa chini ya hapo. Kaka aliyegeuka binamu anagharimu zaidi leo kuliko miaka kumi iliyopita.

Nje ya uhamiaji nako kanuni zimekaza. Katika kesi za madai hapa England na Wales, tangu Aprili 2020 shahidi asiyeongea Kiingereza anatakiwa aandikiwe maelezo kwa lugha yake mwenyewe, kisha yatafsiriwe, na mfasiri athibitishe tafsiri yake. Mwaka 2022 ilifika High Court kesi ya mtu anayeongea Kireno ambaye maelezo yake yaliandikwa kwa Kiingereza. Yalikataliwa kuwa ushahidi, na rufaa haikumsaidia. Kwa hiyo ule mtindo wa "wewe msikilize kwa Kiswahili halafu tuandikie kwa Kiingereza" unaweza kumwangusha mteja hata kama ulielewa kila neno.

Lakini hapohapo ndipo ninapoiona kazi yako halisi. Maelezo yakiwa kwa Kiswahili na tafsiri ikiwa pembeni, ofisini anahitajika mtu wa kusoma zote mbili kwa jicho la sheria na kusema: hapa mfasiri ameandika kaka, je, tumemuuliza mteja? Hiyo ni kazi ya wakili. Inaingia kwenye faili na inahesabiwa. Hakuna mwenzako wa pale mezani anayeweza kuifanya.

Najua mtakachosema: mteja mwenyewe anakutaka wewe. Ni kweli. Akikuona anashusha pumzi, anakuuliza mwanangu we wa wapi, baba yako nani. Mkalimani wa kwenye simu anakatika katikati ya sentensi. Tena kuna woga ambao wasimamizi wetu hawaujui: jumuiya zetu ni ndogo, na mteja anaogopa kwamba mkalimani ataipeleka habari yake hadi kwenye sherehe ya Jumamosi. Nimeona mama akikataa kusema jambo zito kwa sababu aliifahamu sauti iliyokuwa kwenye simu.

Sasa na wewe je? Mama yako si anakutana naye kwenye arusi hizohizo? Tofauti ni kwamba wewe umefungwa na wajibu wa siri, na ukiuvunja leseni yako iko hatarini. Lakini yeye hajui hilo. Mwambie mwanzo kabisa, kwa Kiswahili, kabla hajafungua mdomo. Mwambie hata mama yangu sitamwambia kama nimekuona. Sentensi hiyo hutoka vizuri kwako kuliko kwa mkalimani yeyote. Baada ya hapo, mkalimani mwingine atafutwe, wa mji mwingine ikibidi, na wewe ukae upande wako wa meza.

Pesa ya mkalimani itoke wapi? Kwenye kesi ya hifadhi inayolipiwa na msaada wa kisheria wa serikali, gharama ya mkalimani inaweza kudaiwa kando, kwa hiyo msimamizi anayekuita wewe hapo anakwepa kujaza fomu tu. Ugumu uko kwingine. Tangu Aprili 2013 sehemu kubwa ya mambo ya uhamiaji yasiyo ya hifadhi ilitolewa kwenye msaada huo. Mama anayetaka kumleta mumewe analipa mwenyewe, na kila pauni ya mkalimani inatoka kwenye mshahara wa usafi wa usiku. Hapo siwezi kukuambia ukunje mikono. Ofisi ikiamua kumsaidia, iamue kama ofisi, iandike kwamba wakili fulani alitumia saa kadhaa, na izifute yenyewe kwenye ankara. Zisifutwe kimyakimya kwenye tathmini yako.

Swali linalofuata huwa ni hili: je, niandike Kiswahili kwenye CV? Kuna rafiki yangu, wakili hodari wa masuala ya makampuni, anayewashauri vijana wasiandike kabisa. Anasema ukiandika tu umeshapangiwa uhamiaji maisha yako yote. Namwelewa, amewaona wengi yakiwakuta. Bado sikubaliani naye. Andika, lakini sema kiwango: naongea vizuri, naandika wastani, sijafunzwa ukalimani. Wakikuuliza kwenye usaili, waambie unapenda kazi gani. Uhamiaji ni kazi nzito yenye heshima na ningependa wengi wetu tuwe humo, ila uwe umeichagua.

Tena Kiswahili cha sheria ni kipana kuliko Home Office. Mzee anafariki Leicester ameacha nyumba Mombasa na watoto wa mama wawili. Kampuni ya hapa ina mgogoro na mshirika wake wa Dar es Salaam. Mwaka 2021 Tanzania ilibadilisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na kwenye TanzLII utasoma hukumu za Kiswahili bila kulipa hata senti. Jiwekee mbili kwa mwezi. Utakutana na mjibu rufaa, mleta maombi, shauri, amri ya zuio, na utaona majaji wanavyoijenga sentensi ya Kiswahili inayobeba hoja nzima. Mimi nilisoma za ardhi kwanza kwa sababu zina ugomvi mtamu.

Nisisahau familia, maana wengi mtaniuliza. Ami akipiga simu usiku na barua ya mtu, mimi namsomea barua, namwambia tarehe ya mwisho ni lini, namtajia ofisi mbili za kwenda. Siandiki kitu. "Umesoma ili iweje?" nimeshaisikia sana, na siku hizi namjibu nimesoma ili nijue nani wa kumpeleka mtu wako. Anacheka, halafu ananitumia barua nyingine. Yule binamu wa mtaani anayejazia watu fomu za visa kwa malipo naye mwambieni ukweli: kutoa huduma za uhamiaji bila sifa ni kosa la jinai chini ya sheria ya 1999, hata akiwa na moyo mzuri namna gani.

Kwa wale mnaoogopa kumkabili bosi, haya ndiyo maneno ninayowapa, na mnaweza kuyaandika kwenye barua pepe kama yalivyo: "Nitafurahi kumpokea mteja na kukagua tafsiri. Kwa kuwa maelezo yatatumika kama ushahidi, tunahitaji mkalimani asiyekuwa sehemu ya timu ya kesi. Muda wangu niuingize kwenye faili gani?" Swali la mwisho ndilo linalofanya kazi. Binti yule wa tathmini alilituma mwezi wa tatu. Siku mbili nzima hakujibiwa, kisha ikaja namba ya faili, bila salamu.