Daraja Gani la Subaru Liingie Nyumba Hii?



Wiki hii twajibu swali la dada yetu mmoja aliyetoka kwetu pwani akaolewa Kiamaiko, Nairobi. Nyumba yake huishi kwa biashara ya mbuzi, kama zilivyo nyumba nyingi za mtaa ule. Wameazimia kununua Subaru Forester iliyokwisha kutumika, na juu ya jina la gari hawagombani. Ugomvi ni juu ya daraja lake. Kijana wao mkubwa ataka XT, ile yenye turbo. Baba yake asema hata ile ya chini kabisa yatosha. Dada yetu, ambaye karibu nusu ya fedha hizo ni akiba yake mwenyewe, hakuulizwa na yeyote. Atuuliza mambo mawili: madaraja haya yatofautiana kwa nini, na je, yeye ana neno katika jambo hili?

Swali hili si la Kiamaiko peke yake. Ni wengi wanaokubaliana upesi kununua gari, kisha wakafarakana juu ya herufi mbili zilizobandikwa nyuma yake. Kwa hiyo tulieleze jambo lenyewe kwanza, kisha turudi kwenye haki.

Tusimlaumu kijana kwa mapenzi yake. Subaru si jina geni katika nchi hii. Patrick Njiru aliiendesha katika mashindano ya Safari Rally miaka ya 1990, na mwaka 1993 alikuwa katika Vivio, gari dogo ambalo watu walilicheka kabla ya kuliona likimaliza njia. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari akiwa na Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns naye akashinda na Impreza. Mashindano hayo yaliporejea katika ratiba ya dunia mwaka 2021, vijana waliokuwa hawajazaliwa wakati wa McRae walikwenda Naivasha na Subaru za baba zao. Basi kijana akisema XT, hasemi gari tu. Asema pia ushujaa, umri wake, na macho ya wenzake. Mzazi asiyelifahamu hilo atajibu swali ambalo hakuulizwa.

Tuje kwenye madaraja. Forester aliyoonyeshwa dada yetu ni ya kizazi kilichotengenezwa tangu mwishoni mwa 2012 hadi 2018. Zote za kizazi hicho huvuta kwa magurudumu manne, kuanzia ya chini hata ya juu. Hilo lieleweke mapema, kwa sababu wako wauzaji wanaomfanya mnunuzi aamini kwamba ni lazima alipie XT ndipo apate gari la kupita matopeni. Si kweli. Sakafu ya gari hili imeinuka milimita 220 kutoka ardhini, iwe na turbo au isiwe nayo. Bibi mwenye maumivu ya magoti ataingia kwa wepesi ule ule, na matuta ya mtaani yatapitwa kwa namna ile ile.

Basi mtu anapopanda kutoka daraja moja hadi jingine, hulipia nini? Hulipia vitu vitatu ambavyo muuzaji huvifunga katika furushi moja, nasi yafaa tuvifungue: nguvu, usalama na pambo.

Nguvu ndiyo inayopigiwa kelele zaidi. Forester isiyo na turbo ina injini ya lita 2 yenye nguvu za farasi 148. XT nayo ina injini ya lita 2, lakini turbo huifikisha 280. Tofauti ni 132, karibu injini nzima nyingine. Sasa tuulize nguvu hizo zitatumika wapi. Sheria ya Kenya yaruhusu kilomita 50 kwa saa katika miji, na hakuna barabara ambayo gari la nyumbani laruhusiwa kupita 110. Gari lenye nguvu 148 lafika 110 pasipo taabu, likiwa na watu watano ndani. Kwa hiyo sehemu kubwa ya hizo 132 zilizoongezwa hukaa nje ya mpaka wa sheria, zikimngoja dereva avuke. Katika vichochoro vya Kiamaiko, ambako malori ya mbuzi, mikokoteni na watoto wa madrasa hugawana njia moja, hata mwendo wa 50 ni mwingi.

Nguvu hizo zina gharama zisizoandikwa kwenye bei. Mtengenezaji ataka XT itiwe petroli ya daraja la juu, ilhali ile nyingine hutumia ya kawaida. Turbo hufanya kazi katika joto kali na hutegemea oili safi, na mwenye kuchelewesha kubadilisha oili atalipa kwa turbo nzima. Jambo kubwa kuliko yote ni kwamba gari lililokwisha kutumika huja na tabia za aliyelitumia. Aliyenunua Forester ya kawaida yaelekea aliiendesha kwa ukawaida. Aliyenunua XT yaelekea aliinunua ili aikanyage.

Usalama ndicho kitu cha pili, nacho hakipigiwi kelele kabisa. Katika baadhi ya madaraja kuna mfumo uitwao EyeSight: kamera mbili zilizowekwa juu ya kioo cha mbele kwa ndani, zinazotazama barabara kama macho mawili. Dereva akisahaulika na gari la mbele likasimama, mfumo humwonya, na asipofanya kitu hushika breki wenyewe. Si malaika, wala hautoi ruhusa ya kusinzia. Lakini mtu anayesafiri usiku kutoka mnadani akiwa amechoka apaswa kuufikiria kabla ya kuifikiria turbo. Huo waweza kupatikana katika 2.0i-L isiyo na turbo. Iko hadhari moja: kioo cha mbele kikivunjika na kikawekwa kingine ovyo, kamera zile hazitaona sawasawa mpaka zirekebishwe na fundi mwenye vifaa vyake. Muulize muuzaji kama kioo ni cha asili, na utazame kama taa ya onyo ya EyeSight imekaa ikiwaka.

Kitu cha tatu ni pambo: rimu kubwa, viti vya ngozi, nyuzi za rangi, taa za mng'aro. Hapa hatusemi yote ni upuuzi. Liko daraja liitwalo X-BREAK, lisilo na turbo, ambalo viti vyake vina kitambaa kisichonyonya maji. Kwa nyumba ya watu wa mbuzi, ambako mtu hurudi jioni na harufu ya kazi yake nguoni, pambo hilo ni nafuu ya kweli. Rimu kubwa ni kinyume chake: tairi zake ni nyembamba ubavuni na ghali zaidi, na mashimo ya mvua hayaheshimu rimu ya mtu. Tena gari linalovuta kwa magurudumu yote lataka tairi nne zenye kipimo kimoja na uchakavu unaokaribiana. Kuweka moja mpya na tatu zilizolika huumiza mashine ya kugawa nguvu. Basi mwenye kuchagua tairi ghali amechagua kununua nne kila mara.

Kabla ya kutoa fedha, msiamini herufi zilizobandikwa nyuma ya gari. Kibandiko cha XT, hata cha STI, huuzwa madukani na hubandikwa na yeyote. Someni namba ya chasisi. Kwa kizazi hiki, isiyo na turbo huanza na SJ5, na yenye turbo huanza na SJG. Kama mtaonyeshwa Forester ya zamani zaidi yenye injini ya EJ, ulizeni mkanda wa taiming ulibadilishwa lini, kwa kuwa wataka kubadilishwa takriban kila kilomita 100,000. Injini za FB na FA za kizazi hiki hutumia mnyororo badala ya mkanda. Na mchukueni fundi asiyemjua muuzaji.

Pia tusijidanganye kwamba gari hili litajilipa kwa kubeba nyama. Sheria ya udhibiti wa nyama yataka nyama ibebwe katika chombo maalumu chenye kibali. Buti ya Forester si chombo hicho. Gari hili ni la kubeba watu: mgonjwa, mtoto, bibi, na mfanyabiashara aendaye Isiolo au Marsabit kuwaona wenye mifugo. Barabara ya Isiolo hadi Moyale, ya karibu kilomita 500, sasa ni ya lami, lakini anayekunja kuelekea Maikona au North Horr atashukuru kwa magurudumu manne yanayovuta. Hatashukuru kwa turbo.

Tumefika kwenye haki. Dada yetu auliza kama ana neno. Neno analo, wala si kwa hisani ya mtu. Katika dini yetu mali ya mwanamke ni yake. Kuolewa hakuihamishi, wala kuwa mama hakuifanyi kuwa ya wanawe. Akiitoa kwa hiari, imekuwa zawadi au ushirika, na ni lazima ijulikane ni kipi kati ya hivyo viwili. Dini imetuhimiza kuandika madeni na kuweka mashahidi, na faida ya kuandika haiishii kwenye madeni ya wageni. Basi kabla gari halijanunuliwa, iandikwe karatasi: nani ametoa kiasi gani, na gari likiuzwa nani atapata nini. Jina katika logibuku lisiamuliwe kwa mazoea kwamba gari ni la mwanamume. Tumeona ndugu wanaopendana wakifikishana kwa kadhi kwa sababu ya mali ambayo kila mmoja alidhani mwenzake ameelewa.

Mahesabu nayo yana haki yake. Gari la kupanda halitolewi zaka, lakini mbuzi wa biashara hutolewa. Gari ni matumizi, mbuzi ni mtaji. Tofauti ya bei kati ya 2.0i-L na XT isihesabiwe kwa shilingi, bali kwa mbuzi: ni wangapi watakaokosekana zizini Idd kubwa itakapokaribia, msimu ambao nyumba ya Kiamaiko huutegemea mwaka mzima? Kijana ambaye ni mfanyabiashara atalielewa hesabu hili upesi kuliko mawaidha yetu.

Kama fedha hazitoshi, msikimbilie mkopo wa riba kwa ajili ya herufi mbili. Tangu 2008 nchi yetu ina benki zinazofuata sharia, kama Gulf African Bank, na First Community Bank ambayo sasa ni Premier Bank. Hizo hununua gari na kumuuzia mteja kwa faida iliyotajwa wazi, ndiyo murabaha. Hata hivyo, halali si sawa na rahisi. Malipo ya kila mwezi ni malipo, na ahadi ni deni. Bima kubwa nayo hukadiriwa kwa thamani ya gari, kwa hiyo kadiri bei ipandavyo, nayo hupanda kila mwaka. Takaful ipo kwa wanaoitaka.

Ushauri wetu ni huu: 2.0i-L yenye EyeSight, au X-BREAK ikipatikana nzuri. Baba yu sahihi kwamba turbo haihitajiki, lakini daraja la chini kabisa lisichaguliwe kama laikosesha nyumba macho mawili ya ziada barabarani. Fedha itakayobaki iwekwe kwa tairi nne, bima na oili, kabla ya kitu kingine chochote.

Na kijana? Asishindwe mbele ya wadogo zake. Aitwe katika shura, aelezwe hesabu, apewe nafasi ya kulikagua gari na fundi, na achague rangi. Akisema bado aitaka XT, ajibiwe kwa upole kwamba hakuna anayemzuia kuinunua siku atakapokuwa na fedha zake, nje ya mtaji wa mbuzi na akiba ya mama yake. Na gari lolote atakalopewa ufunguo wake, asilichomelee ekzosi ya kishindo. Kuta za Kiamaiko ni nyembamba, na nyuma ya kila ukuta kuna mtoto mchanga au mgonjwa. Jirani ana haki ya kulala, na haki hiyo haina daraja la juu wala la chini.

Allah atuwafikishe katika matumizi yetu, awahifadhi vijana wetu barabarani, na aijaalie kila safari ya nyumba hiyo kwenda na kurudi kwa salama. Amin.