Kuaga si Kuagana

Wahenga walinena kwamba milima haikutani lakini binadamu hukutana. Methali hii imewaliwaza wengi waliosimama gatini au kituoni wakimpungia mkono mwenzao. Hata hivyo, katika zama hizi za ndege, aghalabu hutumiwa kama kisingizio: kwa kuwa binadamu hukutana, mtu huona hana haja ya kuondoka vizuri. Makala haya yanashikilia kwamba msafiri wa leo, hasa kijana abebaye shanta mgongoni na kuizunguka dunia kwa miezi kadhaa, anajua kuaga lakini hajui kuagana. Na kwamba walimu na wanafunzi wa Kiswahili wana sehemu yao katika upungufu huo.

Tofauti ya maneno haya mawili si ya kiambishi tu. Kuaga ni tendo la mtu mmoja: anayeondoka hutamka neno lake akaenda zake. Si ajabu kwamba kifo nacho huitwa kuaga dunia, maadamu afaye huondoka bila kungoja jibu. Kuagana, kwa upande mwingine, ni kauli ya kutendana, nayo hubeba maana mbili: kupeana kwaheri na kuwekeana ahadi. Humo ndimo lilimotoka neno agano. Kwa hivyo, katika lugha hii, watu wawili wanaoachana vizuri huwa pia wamepatana jambo.

Mji wa Lamu unafaa sana kwa kuitazama tofauti hii. Wasafiri wa shanta walianza kuumiminikia tangu miaka ya 1970, na mwaka 2001 mji mkongwe ukatiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Mchukulie kijana aliyewasili huko kwa basi hadi Mokowe, kisha kwa mashua, akiwa na wenzake watatu aliokutana nao njiani, kila mmoja na nchi yake. Kwa wiki tatu wamelala chini ya paa moja la makuti, wamekula wali wa nazi katika sinia moja, na nahodha mmoja amewafundisha kutweka tanga. Asubuhi moja tarehe ya tiketi inawadia. Wenzake wanasimama gatini pamoja na yule nahodha. Yeye anavushwa hadi kisiwa cha Manda uliko uwanja wa ndege. Safari hiyo ya majini ni fupi mno. Kabla hajajua la kusema, nyuso za rafiki zake zimekwisha kuwa nukta ukutani. Amewaambia, "Tutaonana." Wapi? Lini? Hakuna aliyeuliza.

Bandari hiyo hiyo ilizoea kuachana kwa namna nyingine. Karne nyingi majahazi ya Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi yaliletwa pwani na upepo wa kaskazi, takriban kati ya Desemba na Machi, yakarejeshwa kwao na kusi. Baharia hakuweza kuondoka alipotaka. Alingoja upepo ugeuke. Katika kungoja huko alifanya biashara, alijifunza lugha, na wapo waliooa. Alipoondoka, wenyeji walijua kwamba upepo utakaomchukua una mwenzake wa kumrudisha. "Kwaheri ya kuonana" haikuwa adabu tupu. Ilikuwa na msimu wake.

Tiketi ya kuizunguka dunia haina msimu wa kurudi. Kwa kawaida uhai wake hauzidi mwaka mmoja, nayo humtaka msafiri aendelee upande ule ule aliouanza, ama mashariki ama magharibi. Aliyetoka Nairobi kuelekea Mumbai hawezi kwa tiketi hiyo kurudi kuwatazama wenzake wa Lamu. Hapana budi asonge mbele, na kila mbele ina marafiki wapya wa kuachwa.

Isidhaniwe kwamba wasafiri wa kale hawakuonja uchungu. Ibn Battuta aliondoka Tangier mwaka 1325 akiwa na umri wa miaka 21. Alipofika Tunis aliona watu wakiamkiana, naye hana wa kumwamkia, akalia. Mwaka 1331 alipita Mogadishu, akalala usiku mmoja Mombasa, akafika Kilwa. Aliporejea kwao mwaka 1349, wazazi wake wote wawili walikuwa wamekwisha kufariki. Binadamu hukutana, naam, lakini si wote. Kwa sababu hiyo hasa, kila kuachana kunastahili kufanywa kana kwamba huenda kukawa kwa mwisho.

Kuna watakaopinga kwamba urafiki wa safarini ni wa mpito, na kwamba kuulilia ni kujitwisha mzigo usiobebeka. Pingamizi hili lina uzito, lakini linasahau kwamba upungufu wa siku si upungufu wa ukweli. Wengine watasema simu na intaneti zimeumaliza umbali. Zimeurahisisha mno, ndiyo. Lakini chombo hupeleka neno tu. Hakimwoneshi mtu neno la kusema. Wangapi wana namba za rafiki wa njiani ambazo hawajazipiga hata mara moja?

Isitoshe, mzigo hauwi sawa kwa pande zote mbili. Anayeruka ana mji mpya wa kumsahaulisha, ilhali anayebaki hukabiliwa na baraza ile ile, sasa ikiwa na nafasi tupu. Nahodha aliyeahidiwa picha na barua hungoja. Asipozipata, hujifunza kutowaamini wageni wajao. Nao hao huja wakakuta tabasamu la biashara, wakalalamika kwamba wenyeji wanapenda fedha tu. Ahadi ni deni, na deni la mmoja hulipwa na mwingine.

Jamii ya Waswahili haikuliacha jambo hili bila utaratibu. Anayekwenda hija huwazungukia jamaa na majirani akiwaomba radhi, hulipa madeni yake, kisha husindikizwa. Hata jioni ya kawaida aliyeambiwa "alamsiki" hujibu "binuru", na wawili wakatengana kila mmoja akiwa amepewa neno lake. Msafiri wa shanta hahitaji kuwa hujaji ili aige mambo haya. Na awaombe wenzake radhi kwa yaliyopita. Na aahidi kidogo atakachokitimiza badala ya kikubwa atakachokisahau. Na akijua kwamba harudi, aseme harudi, kwani ukweli huo ni heshima kubwa kuliko "tutaonana" isiyo na siku.

Hapa ndipo wataalamu wa Kiswahili wanapoguswa. Mgeni anayefundishwa lugha hii huanzia kwenye maamkizi: hujambo, shikamoo, habari za asubuhi. Hayo ni mema. Lakini mlango wa kutokea hupewa neno moja tu, kwaheri, na somo likafungwa. Haelezwi kwamba buriani si kwaheri ya kuonana, wala kwamba kusindikiza ni sehemu ya mazungumzo, wala kwamba kuagana huzaa agano. Hivyo mgeni huyo huhitimu akijua kuingia nyumbani mwa watu asijue kutoka. Upungufu huu utawarudia wanafunzi wenyewe, kwani kila mwaka wapo miongoni mwao wanaopanda ndege kwenda kufundisha Kiswahili ughaibuni, wakaishi na watu kwa muhula au miwili, kisha wakaondoka.

Ifaavyo basi ni somo la kuagana liwekwe bega kwa bega na somo la kuamkiana, darasani na vitabuni. Ndege haitangoja upepo ugeuke, wala haitarajiwi kungoja. Lakini kutoka gati ya Lamu hadi Manda pana dakika chache za maji, na kabla ya maji hayo pana usiku mzima wa barazani. Huo unatosha kuombana radhi na kupatana neno moja la kweli.