Kicheko cha Runinga Kitahifadhiwa na Nani?

Kuna watu wanaodhani kwamba kichekesho cha runinga ni cha kupitishia jioni tu, na kwamba kikisha kuonyeshwa kazi yake imekwisha. Mimi sikubaliani na rai hiyo. Mchezo wa dakika tano unaomwiga diwani aliyekula fedha za barabara hutueleza habari za mwaka wake kwa ukweli zaidi kuliko hotuba nyingi za mwaka huo huo.

Ndugu msomaji, chukua mfano wa marehemu Mzee Ojwang' wa Vitimbi. Huyu kwa jina la kuzaliwa alikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu aliyeigiza Mjaluo kwa ustadi hata watazamaji wengi wakamchukua kuwa Mjaluo halisi, mpaka alipofariki mwezi wa Julai 2015. Sasa niambie, kicheko cha namna hiyo utakiandikaje kwa kalamu? Lafudhi yake, kunyamaza kwake kabla ya kujibu, na jinsi Mama Kayai alivyomkata kauli, yote hayo yamo katika sauti na picha. Mkanda ukipotea, Ojwang' naye amepotea.

Na mikanda hupotea kweli, hata kwa matajiri. Shirika la BBC la Uingereza lilifuta vipindi vingi vya miaka ya 1960, vikiwamo vingi vya kichekesho cha Not Only... But Also cha Peter Cook na Dudley Moore. Sababu haikuwa chuki. Mikanda ya siku hizo ilikuwa ghali, na kunasa kipindi kipya juu ya cha zamani kulionekana kuwa ndiyo busara. Lakini hapa pana jambo la ajabu. Katika mchezo wa Doctor Who, ambao si kichekesho, zaidi ya vipindi tisini havina picha hadi leo, lakini sauti ya kila kimoja ipo. Waliyoinasa ni watazamaji wa kawaida, kwa vinasa sauti vyao, wakiwa majumbani mwao. Shirika kubwa lilifuta, mtu wa sebuleni akahifadhi.

Kwetu Kenya jambo hili lina uzito wa pekee. Katika miaka ya 1980 kumfanyia Rais mzaha hadharani kulikuwa ni kujitafutia balaa. Kisha, mwishoni mwa utawala wa Rais Moi, vijana watatu wa Redykyulass, yaani Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, wakamwiga Rais mwenyewe katika runinga, na nchi ikacheka kwa sauti. (Kiarie alichaguliwa kuwa mbunge wa Dagoretti Kusini mwaka 2017, kwa hiyo waliokuwa wakichekwa walipata mwenzao.) Mwanahistoria atakayetaka kujua woga ulianza kututoka lini, hana budi kuitazama michezo hiyo. Je, ataipata yote?

Nyumbani kwangu nimetenga meza moja kwa kazi hii. Juu yake pana deki ya video, king'amuzi na kompyuta. Deki hiyo haiwezi tena kupokea matangazo yenyewe, kwa kuwa Kenya iliachana na mitambo ya analogi mwaka 2015; hivyo hulishwa na king'amuzi kwa nyaya tatu, wa manjano wa picha, mwekundu na mweupe za sauti. Kazi yake kubwa sasa ni kucheza mikanda ya zamani ili kompyuta inase nakala. Hapa hakuna njia ya mkato: mkanda wa saa tatu utakula saa tatu. Ukiona ukungu mweupe pembeni mwa utepe, usiutie ndani, maana utachafua vichwa vya deki na kila mkanda utakaofuata. Na deki ikifa, mpya haipatikani dukani. Funai ya Japani, kampuni ya mwisho kuziunda, iliacha mwezi wa Julai 2016.

Vipindi vya leo ni rahisi zaidi, kwa kuwa ving'amuzi vingi vina tundu la kuchomeka flashi. Unabonyeza kitufe, kipindi kinanaswa, unakitazama ukiisha kula. Ila baadhi ya ving'amuzi hufunga nakala hiyo isichezwe penginepo, na siku kisanduku kitakapoungua kwa stima, nakala nayo itakuwa bure. Jaribu kwanza katika kompyuta.

Vijana huniambia kwamba najisumbua, kwani kila kitu kimo katika YouTube. Ni kweli KBC imeweka humo Vitimbi na Vioja Mahakamani, na nashukuru. Lakini kilichowekwa chaweza kuondolewa asubuhi moja bila wewe kuulizwa, hasa kichekesho kinachomchoma mwenye nguvu. Tena mkanda wa nyumbani ulinasa pia matangazo ya sabuni, mtangazaji akitaja saa, na kipande cha taarifa ya habari. Ukimwona waziri akihutubia, kisha Ojwang' akilalamikia bei ya unga, ndipo unapojua watu walikuwa wakicheka nini.

Wapo watakaosema kwamba huu ni wizi. Mahakama Kuu Zaidi ya Marekani iliamua mwezi wa Januari 1984, katika kesi ya Sony na Universal, kwamba kunasa kipindi nyumbani ili kukitazama baadaye si kosa. Uamuzi huo hautufungi sisi, lakini hoja yake naiona ya haki. Kuuza nakala mtaani ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa jasho la mwigizaji haliuzwi na jirani yake.

Basi mwenye mikanda ya miaka hiyo asiitupe pamoja na deki mbovu. Aisimamishe wima kama vitabu, mbali na jua na unyevu, na aandike tarehe juu ya kila mmoja angali anaikumbuka.