Chungu cha Sebuleni Hakinukishi Nyumba

Ukilalamika siku hizi kwamba sebule yako haiishi harufu ya vitunguu, shauri utakalopewa ni lile lile: tupa hilo kopo la kupuliza, nunua mwasumini, uweke kwenye chungu kizuri karibu na kochi, na nyumba itanukia yenyewe kwa njia ya asili. Wauza miche wa kando ya barabara wanalijua shauri hili na wanalitumia vizuri. Mnunuzi anapeleka nyumbani mche uliosheheni maua, jioni ile sebule inanukia kweli, anawapigia simu ndugu zake wote. Miezi miwili baadaye anamwagilia majani matupu, naye anaapa kwamba ameuziwa mche mbovu. Mche hauna kosa. Shauri ndilo bovu.

Asumini tuijuayo pwani, ambayo wataalamu wa mimea huiita Jasminum sambac, ni mmea wa jua uliotoka Asia ya Kusini. Jua la mchana wazi hufikia laksi 100,000 kwa kipimo cha mwanga. Sebule ya kawaida, hata taa zikiwaka, haina zaidi ya laksi mia chache. Sisi hatuioni tofauti hiyo kubwa kwa sababu mboni za macho hutanuka tukiingia ndani, tukadhani pana mwanga wa kutosha. Mmea hauna mboni. Unatengeneza chakula kwa mwanga unaoufikia, na ukipungukiwa hutumia kidogo kilichopo kujiweka hai. Ua ni matumizi ya ziada, na harufu ni ziada juu ya ziada. Mambo yakibana, hayo ndiyo ya kwanza kukatwa. Maua yale ya jioni ya kwanza yalitengenezwa kwa jua la kitaluni kwa muuzaji.

Tuseme basi mwanga umepatikana. Bado kuna suala la saa. Ua halinukii kwa ajili ya wageni wako. Linawaita wadudu wa kulichavusha, na huwaita kwa saa zao. Asumini hufumbua magharibi, hunukia usiku wadudu kama nondo wanaporuka, na kesho yake hunyauka. Mlangilangi nao una saa zake, ndiyo maana wachumaji wa Komoro, ambako maua yake hukamuliwa mafuta ya kuuzia viwanda vya manukato, huamka kuchuma alfajiri kabla jua halijapanda. (Huo, kwa wanaoulizia chungu chake, ni mti unaopita mita 10 ukiachiwa.) Mrehani na mchaichai ni kundi jingine kabisa. Mafuta yake yamefungiwa ndani ya majani, na usipoyagusa au kuyaponda, yanabaki humo humo. Mrehani uliowekwa rafuni ukaangaliwa tu hautii harufu yoyote ya maana chumbani.

Na hata mmea wenye kutoa harufu usiku kucha ungeshindwa na pua yako mwenyewe. Pua huzoea harufu isiyobadilika ndani ya dakika chache, kisha huacha kuitangaza. Mwenye nyumba hasikii kitu, mgeni anayeingia ndiye anayesifu. Kwa hiyo ile ndoto ya nyumba inayonukia saa zote, kama ingetimia, mwenyewe asingeifaidi.

Wenyeji wa mwambao, tangu Lamu hadi Unguja, hawakuwahi kungoja chungu kifanye kazi hii. Mwasumini ulipandwa uani, penye jua, ukaegemezwa ukuta. Kilichoingia ndani ni ua. Alasiri matumba yanachumwa yangali yamefumba, kwa kuwa tumba likishakomaa litafumbua tu hata likiwa limekatwa. Yanatungwa koja, au yanatandazwa kwenye sahani, na yanafumbuka chumbani kwa saa ile ile watu wanayoihitaji. Rehani, mkadi na asumini hufungwa pamoja kuwa kikuba, cha kuvaliwa kifuani au kwenye nywele. Kilua nacho kilithaminiwa hivyo hivyo, na mti wake una sifa ya kustahimili kivuli cha misitu ya pwani. Wanasayansi walipouandika rasmi mwaka 1970 waliuita Mkilua fragrans. Tazama mpangilio wenyewe: mmea unabaki kwenye jua lake, harufu inaletwa kwa mkono, kwa kiasi, kwa wakati, kisha inaondolewa kabla pua haijachoka. Huu ni ufundi, na sioni kwa nini tuuchukulie kama pambo la harusi tu.

Upande wa pili wako wanaokataza mimea chumbani kabisa, kwa hoja kwamba usiku inamaliza hewa. Ni kweli mimea huvuta oksijeni gizani. Lakini mtu mzima aliyelala hutumia takriban lita 15 za oksijeni kwa saa, na mmea wa chungu hutumia sehemu ndogo tu ya hiyo. Anayeuogopa mwasumini kwa hoja hii angeanza kwa kumhamisha mumewe.

Dai la kwamba mimea husafisha hewa ya nyumba nalo limekuzwa. Msingi wake mkubwa ni majaribio ya NASA ya mwaka 1989, yaliyofanywa ndani ya visanduku vilivyozibwa. Mwaka 2019 watafiti Bryan Cummings na Michael Waring wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, walipitia upya majaribio ya miongo mitatu wakakadiria kwamba ungehitaji mimea kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ili kufikia kazi inayofanywa na upepo wa kawaida unaopita katika jengo. Fungua madirisha mawili yanayotazamana; harufu ya vitunguu itatoka bila mche wowote.

Neno «asili» nalo lisitulaze. Linaloli iliyomo kwenye maua ni molekuli ile ile inayotiwa kwenye makopo ya kupuliza, na mapafu hayaulizi imetoka wapi. Kopo lina gesi na viyeyushi ambavyo ua halina, hilo nakubali. Lakini mwenye pumu anaweza kukosa usingizi kwa sababu ya malkia wa usiku aliyepandwa chini ya dirisha lake, na moshi wa udi, pamoja na heshima yake yote, bado ni moshi.

Kisha kuna mbu. Mafuta yaliyokamuliwa kwenye majani ya jamii ya mchaichai huwafukuza kwa muda. Mmea uliotulia kwenye chungu hauwashughulishi. Kinachowashughulisha ni kisahani cha chini ya chungu. Aedes, mbu wa dengi, huzaana kwenye maji madogo kama hayo, na toka yai hadi mbu kamili huweza kupita wiki moja tu. Dar es Salaam ilikumbwa na mlipuko wa dengi mwaka 2014, ikarudiwa 2019. Mimina maji ya kisahani kila mara na ukisugue kingo zake, maana mayai hugandia hapo.

Mwenye roshani au dirisha linalopata jua la saa tano au sita kwa siku anaweza kupanda mwasumini na kufaidi. Chungu kiwe na tundu, udongo uchanganywe mchanga, samadi iwe ya wastani kwa sababu ikizidi utavuna majani. Maua yakiisha, punguza matawi bila huruma, kwani asumini huchanua kwenye machipukizi mapya. Asiye na jua asinunue mche. Kama yuko Mombasa au Unguja, atafute kina mama wanaouza asumini na vikuba jioni. Kama yuko bara, fungu la mchaichai la sokoni, likipondwa na kuchemshwa kwenye sufuria isiyofunikwa dakika kumi kabla ya wageni kufika, litafanya kazi ambayo chungu chake kisingeifanya mwaka mzima.