Dhahabu ya Roma haikuwa ya kina sisi

Wasee, nimechoka na hawa majamaa wa mtandaoni: eti turudi kwa sarafu za dhahabu kama Roma. Sawa, tuongee Roma. Mwanzoni mwa karne ya 4, Kaisari Constantine alitoa solidusi, gramu 4.5 hivi za dhahabu karibu safi. Ilishikilia thamani yake kama miaka 700. Hapo siwapingi. Lakini ilikuwa mfukoni mwa nani? Maofisa, wanajeshi, matajiri. Mama mboga wa huko alishika sarafu za shaba, na hizo zilizidi kushuka thamani huku bei zikipanda. Halafu serikali ikaanza kudai kodi kwa dhahabu! Wakubwa dhahabu, raia vichele. Hiyo ndiyo mnataka turudishiwe?