Midomo ya mwezi wa saba



Mwezi huu nimetoa barua moja kati ya zile mlizotuma. Imeandikwa na mama mmoja wa Likasi. Mtoto wake ana miaka 9. Tangu baridi ilipoanza, midomo yake imekauka na kupasuka mpaka akicheka damu inatoka, na kuzunguka kinywa kuna alama nyeusi-nyekundu sawa duara. Mama anasema hivi: "Mu lupango yetu tuko na robine moja na kopo moja. Sasa mama jirani alikatalia batoto bake kunywa mu kopo ya mutoto wangu. Balisema eko na bugonjwa. Nilipaka ndimu, nilipaka chumvi, analia tu. Nifanye nini?"

Mama, kwanza ile ndimu irudi jikoni, na chumvi pia. Ndimu ni kali, inachoma kidonda na inafanya ngozi kuogopa jua zaidi. Dawa ya meno vilevile, hapana kuipaka. Tena ile pomadi ya kikopo kidogo inayopiga baridi, ambayo wengi wetu tunaipenda kwa mafua, kwa midomo iliyopasuka inawasha tu.

Ngozi ya midomo haiko sawa na ngozi ya mkono. Ni nyembamba sana. Haitoi jasho, na karibu haina vile vifuko vidogo vinavyotoa mafuta ya mwili. Na fikiri hali ya hewa ya kwetu. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa mvua hakuna. Lubumbashi iko juu, karibu mita 1,200, asubuhi ya mwezi wa sita na wa saba ni baridi, saa sita jua linachoma, upepo umekauka, na magari ya migodi yanainua vumbi siku nzima. Maji ya midomo yanatoka sawa maji ya nguo kwenye kamba. Tena kwa baridi tunasahau kunywa maji, tunangoja kiu.

Halafu mtoto analamba. Hapo ndipo shida yenyewe iko. Anaona ulimi unaleta maji, anasikia vizuri kidogo, lakini mate yakikauka yanaondoka pamoja na maji ya ngozi. Tena mate yako na kazi ya kuanza kuyeyusha chakula kinywani; yakikaa juu ya ngozi iliyopasuka yanaichokoza. Inawasha, analamba tena. Mchana kutwa.

Sasa ile duara iliyotisha majirani. Mwite mtoto, umwambie atoe ulimi na auzungushe pande zote. Angalia ulimi unafika wapi. Kama alama inaishia pale pale ulimi unapofikia, basi ni ulimi wenyewe ulioichora. Haiambukizi mtu. Mwite na yule mama jirani aje aone kwa macho yake, ni bora kuliko kubishana naye kwenye robine.

Na wazazi, hapana kumpiga mtoto juu ya kulamba. Nimesikia mama mwingine akisema, "We mutoto, utalamba mpaka nikate ile lulimi!" Mtoto anaogopa, anaenda kulamba nyuma ya nyumba. Hata usiku akilala analamba. Umpe kitu cha kufanya: kikopo kidogo cha mafuta mfukoni, na kila wakati hamu ya kulamba inapomshika, apake.

Mafuta gani? Vazelini ya kawaida, isiyo na harufu wala rangi, inatosha, na si ya bei. Ilipewa hati yake Marekani mwaka 1872, kwa mtu aliyeitwa Robert Chesebrough. Aliona wafanyakazi wa visima vya petroli wakipaka ule uchafu mzito wa kwenye mashini juu ya vidonda na sehemu walizoungua, akausafisha. Wafanyakazi walijua mbele ya mwenye elimu, kama kawaida. Lakini tuelewe kazi yake: vazelini haileti maji, inafunga tu mlango ili maji yasitoke. Njo maana watu wengine wanaipaka na hawaoni faida. Wanapaka juu ya mdomo mkavu kabisa. Nawa uso, ukaushe kidogo tu, na mdomo ukiwa bado na unyevu, upake. Fanya hivyo asubuhi kabla ya kutoka, kisha kila baada ya kula, na usiku mbele ya kulala, hapo upake mingi. Na usisugue zile ngozi zinazoning'inia, wala usizing'oe kwa meno. Zitaanguka zenyewe.

Asiye na vazelini anaweza kutengeneza yake. Pori letu la Katanga liko na nyuki, na wauzaji wa asali mara nyingi wanatupa nta. Uwaombe. Chukua kijiko kimoja cha nta iliyosafishwa na vijiko vitatu au vine vya mafuta ya karanga. Tia ndani ya kikopo, simamisha kikopo ndani ya sufuria ya maji ya moto juu ya mbabula. Hapana kuweka kikopo moja kwa moja juu ya makala, mafuta yanaweza kushika moto. Vikiyeyuka, koroga, angusha tone moja juu ya sahani baridi. Likiwa gumu sana, ongeza mafuta. Likiwa majimaji, ongeza nta. Mafuta ya ngazi pia yanafaa, ila kijana atafika masomo na midomo ya rangi ya machungwa, na mutajua wenyewe namna wenzake watacheka.

Asali yenyewe ni nzuri kwa mkubwa. Kwa mtoto anayelamba, ni kumwalika alambe! Na kwa mtoto asiyefikisha mwaka mmoja, hapana asali kabisa, hata kidogo juu ya mdomo, maana inaweza kubeba mikrobi inayotoa sumu ya kumlegeza mwili.

Ndugu zetu albino wasiishie kwenye mafuta. Jua linawadhuru zaidi, na kansa ya mdomo inawapata. Kofia pana kila siku, na pomadi ya kuzuia jua kama inapatikana. Baba anayerudi mgodini, au kijana anayechimba kwa mkono, anawe mikono na uso mbele ya kugusa mdomo. Vumbi ya kobalti inajulikana kuchokoza ngozi ya watu wengine.

Lakini si kila mdomo ni wa vazelini. Ukiona mpasuko kwenye kona mbili tu za kinywa, na haponi, mara nyingi ni kuvu au mikrobi iliyoingia, au damu ni kidogo, au chakula kimepungukiwa vitamini B2. Kwa mzee asiye na meno mate yanakaa pale konani. Munganga atatoa dawa yake. Na nyumbani mutie pamoja na bukari maharagi, yai, maini, dagaa, vinkubala, majani mabichi. Bukari peke yake na chumvi haitoshi. Malengelenge madogo yenye maji, yanayokuja pamoja na moto wa kuchoma, yale ndiyo yanaambukiza: kopo lako peke yako, na hapana kubusu mtoto mchanga mpaka yakauke yote. Kidonda cha mdomo kinachopita wiki tatu, nenda hospitali. Na mtoto mwenye kuhara aliyekauka midomo na ulimi hapaswi kupakwa mafuta, anapaswa kunywa: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, na kupelekwa dispansere.

Juu ya yale maneno mengine ya majirani, yale yanayosemwa kwa sauti ya chini: mdomo hauwezi kuonyesha kama mtu ana virusi. Damu ndiyo inapimwa, na ni siri yake.

Mama wa Likasi, jaribu wiki mbili bila ndimu, halafu utuandikie. Kama duara haijapungua, umpeleke aonwe, labda kuvu imeingia. Na ile kopo, kama munaweza, kila mtoto wa lupango awe na yake. Si juu ya midomo ya mwana wako. Ni juu ya kuhara, kwa sababu mvua za mwezi wa kumi na moja hazitachelewa.